Ombi la Kupewa Kovu, Hata Dogo

Iguhu, Kakamega
20 Mei 1996

Kwa Bwana Daktari wa Kibofu,

KUH: KUTIBIWA BILA KUPASULIWA

Mimi ni Lukasi Shivachi, mwalimu mkuu mstaafu, yule mzee wa kitanda cha dirishani aliyekojoa damu siku tisa. Nakuandikia kwa heshima zote, ila nimekasirika.

1. Nilipoletwa kwako, ukoo mzima ulijua nakwenda kupasuliwa. Mke wangu Zipporah alinifungashia pajama mpya. Wewe ukanitia mpira kwenye njia ya mkojo, ukaunganisha chupa za maji, yakaingia na kutoka siku mbili yakisukuma mabonge ya damu. Kisu sikukiona. Kama ni kusuuza, hata sufuria za shule tulizisuuza wenyewe.

2. Damu ilipokaidi, ukaamuru maji yatiwe shabu. Daktari, shabu naijua. Ni jiwe la kinyozi wetu wa sokoni, humpaka mtu aliyekatwa na wembe kidevuni. Na damu ikapungua! Nimefundisha miaka thelathini na mmoja, nije nitulizwe kwa dawa ya ndevu?

3. Palipobaki pakivuja, ulipitisha mrija wenye taa kwa njia ileile, ukapachoma kwa umeme. Kwa ile sindano ya mgongo sikuhisi kitu. Siku ya tatu nikaingia nyumbani kwa miguu yangu. Aibu iliyoje!

4. Kwetu mtu akitoka hospitali, jamaa huja na kuku, yeye huinua shati, wote huguna, ndipo kuku huchinjwa. Shemeji yangu Jescah alitoka Mautuma na jogoo mwekundu. Nikainua shati. Akatazama tumbo, akanigeuza, akatazama mgongo, akasema, "Mwalimu, sasa tunakupea pole ya nini?" Akarudi Mautuma na jogoo wake.

5. Mdogo wangu Andati alipasuliwa ngiri mwaka 1979. Kovu lake hulionyesha kila matanga. Jumapili iliyopita, nyumbani kwangu, kuku wangu, Zipporah alimpa Andati firigisi. Mimi mkubwa wake nikapewa shingo.

6. Sasa napalilia mahindi. Nikisema nimechoka, wanaangua kicheko kwamba nilikwenda kwako kupumzika.

Kwa hiyo naomba unipasue. Si lazima ufike ndani. Inchi nne zatosha, nyuzi ziwe nyeusi, zionekane kutoka mlangoni. Ikishindikana, niandikie cheti chenye mhuri kwamba ulikusudia kunipasua ukakatizwa na dharura.

Nisalimie Sista Namalwa aliyebadilisha chupa bila kununa, mpishi wa uji, na yule jirani wa kitanda anayekoroma.

Ni mimi mwenye tumbo lisilo na alama,
L. Shivachi

N.B. Usinipasue. Nimeisoma barua hii tena, nikakumbuka uliyoniambia siku ya kutoka: damu umeizuia, ila saratani imeshaenea na haitaondoka. Zipporah hajui. Jana alinigombeza kwa kuacha jembe kwenye mvua, nikamjibu upuuzi, tukacheka mpaka akakaa chini. Akiona kovu ataanza kuuliza, na nyumba yangu itaanza kunong'ona. Naogopa minong'ono kuliko kisu. Damu ikirudi nitakuja mwenyewe. Nitawaambia nimechoka kulima, nakwenda kwako kupumzika.