Kabati la Spana na Draya ya Happyness

Octavian alikuwa mbele ya spaza moja, kiduka cha mtaani, kwenye mtaa wa La Rochelle, akimalizia soda ya mtu mwingine, alipowaona mafundi wa gereji ya jirani wakirudi nyumbani na magunia mabegani. Magunia yalikuwa yakigongagonga kila hatua. Yalijaa spana.

Kila jioni ilikuwa hivyohivyo. Gereji ya Arlène ilikuwa ua tu wenye paa la bati na geti lisilofungika, kwa hiyo kila fundi alilala na vifaa vyake chini ya kitanda. Wapita njia waliwaonea huruma. Octavian aliwaza tofauti. Vifaa vyote vile, vimetawanyika katika vyumba vinne vya kupanga, mtu angeanzia wapi? Vilihitaji kukusanywa mahali pamoja. Ikiwezekana, mahali penye magurudumu.

Tumsifu kidogo kabla hajaaibika. Wezi wengine huvunja milango. Octavian hakuwahi kuvunja hata yai; yeye aliwafanya watu wamfungashie mzigo kwa mikono yao, na juu ya hayo wakamuaga.

Alichokosa ni kabati lenyewe. Lakini mkewe Happyness, msusi mwenye mkono mwepesi kwa nywele na mzito kwa mume, alikuwa Durban kwenye harusi ya dada yake mpaka Jumapili, na draya yake kubwa ya saluni ilisimama chumbani haina kazi. Octavian akaitazama. Kesho yake asubuhi wote wawili, yeye na draya, walikuwa Newtown kwa Karimu, muuza vitu vya mitumba.

"Nipe kabati la vifaa, nikuachie draya," akasema. "Jumapili narudi kuikomboa, na nyongeza juu. Usiiuze, kaka. Ukiiuza, utanizika wewe."

"Nitakungoja Jumapili mpaka saa tisa alasiri," Karimu akajibu. "Baada ya hapo, hiyo ni ya atakayetangulia."

Octavian alianza kushika kabati moja jembamba la buluu, kwa mazoea, kisha akajizuia. Arlène alikuwa fundi. Bati la kubonyea lisingemnasa. Basi kwa mara ya kwanza maishani akakagua kitu kwa nia njema. Alisukuma mbavu za kabati jekundu kwa dole gumba, zikagoma kubonyea. Akavuta kila droo mpaka mwisho, ikateleza juu ya beringi zake bila kulegea. Akalipindua kuangalia magurudumu: mpira mnene, mawili ya kugeuka, mawili ya kunyooka, na breki zake. Kazi hiyo ilimchosha sana.

Arlène, mwanamke wa Bukavu mwenye oili mpaka viwikoni, hakusifu kitu alipolipokea.

"Kabati tupu iko inadanganya," akasema. "Tuijaze kwanza."

Wakajaza jeki na soketi droo za chini, nyundo na spana kubwa za juu. Arlène akavuta droo ya juu kabisa, halafu akajaribu kuvuta na ya pili. Ikakataa.

"Ah! Inafungua moja-moja. Haitatuangukia. Muzuri." Kisha akalisukuma mwenyewe, likiwa limejaa, mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani, na kurudi. "Bei?"

Octavian akaweka mkono kifuani. "Dada, tusitaje pesa. Hii si biashara, ni upendo. Sote ni wageni katika mji huu. Likae hapa, mlijaribu. Na hii zawadi: mnyororo na kufuli jipya, mlifunge kwenye nguzo. Yale magunia sasa basi."

Akamkabidhi ufunguo. Arlène aliugeuzageuza kiganjani.

"Aksanti, ya Octavian," akasema, akimwita kaka kwa heshima ya kwao. "Mungu anakuona."

"Ananiona kabisa, dada."

Mafundi wote wa Arlène walisali kanisa moja, katika ukumbi wa kukodi mtaa wa pili, na ibada yao ilikwenda kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa nane. Jumapili saa nne, Octavian akaingia gerejini akipiga mluzi, pikapu ya kuazima nje, ufunguo wa pili mfukoni.

Kwenye nguzo palikuwa na mnyororo uliokunjwa vizuri na kufuli juu yake. Kabati hakuna.

Octavian alikasirika kwelikweli. Wizi Jumapili, mchana kweupe! Watu wa mji huu hawana hata haya! Kisha akaona alama za magurudumu kwenye vumbi, akazifuata kwa uchungu wa mtu aliyeonewa, mpaka mlango wa kanisa.

Hakujua walichojua wote mle ndani: kwao, chombo kipya cha kazi hupelekwa madhabahuni Jumapili ya kwanza. Kabati lilikuwa pale mbele, limefunikwa kitenge, na Arlène ameshika kipaza sauti.

"Huyu hapa!" akapiga kelele. "Ndugu yetu nilikuwa namutaja! Nilimuuliza bei, akasema nini? 'Tusitaje pesa. Hii si biashara, ni upendo!'"

"Aleluya!" ukumbi ukaitika.

"Ulisema hivyo, ndugu?" akauliza Pasta Damien, machozi yakimlenga.

"Nilisema, lakini..." Octavian akafungua mdomo kutamka neno majaribio. Kwaya ikaanza. Mama mmoja akamfunga kitenge mabegani, mwingine akamshika mkono, na kabla hajajua miguu yake inakwenda wapi alikuwa anacheza mbele ya kabati lake mwenyewe.

Arlène alicheza hadi karibu naye, akamwinamia sikioni.

"Kufuli mupya inakujaka na funguo mbili, ya Octavian. Mimi ulinipa moja. Ile ingine, nipe."

Octavian akampa.

"Dada," akanong'ona, "kuna draya ya mke wangu. Ataniua. Nakuomba."

"Nitakuombea," akasema Arlène, na kuendelea kucheza.

Baada ya ibada, iliyopitiliza saa yake, wakampa heshima ya kulirudisha kabati gerejini, mafundi watatu wakimfuata nyuma kwa nyimbo. Alisukuma akipanda kilima, kitenge shingoni. Kwenye robot simu ikatetemeka. Ilikuwa saa tisa na dakika tano, muda wa Karimu umeshapita, na Happyness ameandika: "Nimefika Park Station, njoo unipokee. Kesho asubuhi nina wateja sita wa draya."

"Taratibu kwenye ukingo wa barabara hapo, kaka," Arlène akasema. "Ni kitu cha kanisa."

Octavian akainua ukingoni, akashusha. Kabati lilijaa vyuma vya gereji nzima, lakini hakuna droo iliyofunguka wala gurudumu lililolia. Alilichagua vizuri.