Wiki Mama Alipofikisha Miaka Hamsini na Miwili

Jumamosi, 8 Juni 1996
Kanisani hapa Migori, Mzee Zablon, katibu wa kamati ya wajane, ametangaza msaada kwa wajane wa miaka hamsini kwenda juu. Msaada gani, hakusema. Lazima ni karo. Januari naingia kidato cha kwanza, na tangu Baba afariki tunategemea ndizi za Mama tu. Tatizo: Mama ana miaka thelathini na minane.

Jumapili, 9 Juni
Mama hajui kusoma. Nimemjazia fomu, kwa mwandiko wangu mzuri. Alizaliwa 1944. Akatia dole gumba bila kuuliza.

Jumanne, 11 Juni
Mzee Zablon alipita sokoni, akamkuta Mama na mkungu kichwani. Akamwambia, omong'ina, hiyo ni kazi ya vijana. Mama akauliza bibi kizee ni nani hapa. Nikakohoa mpaka mzee akaondoka. Baadaye nikamshauri Mama atembee polepole. Akanigusa paji la uso, akidhani nina malaria.

Alhamisi, 13 Juni
Msaada umefika. Blanketi na mkongojo. Umeletwa sokoni, mbele ya watu. Rispa wa vitunguu akampisha Mama kiti, akamwambia aketi, nyanya, apumzishe magoti. Soko zima likacheka. Mama hakucheka. Aliniita kwa majina yangu yote matatu.

Jumamosi, 15 Juni
Orodha ya pili imesomwa. Karo! Kwa wajane walio chini ya miaka arobaini na mitano. Mama akasimama, mkongojo mkononi, akaeleza yote. Mzee Zablon akasema vitambulisho vingi vimekisiwa umri tu. Alete barua ya mtu wa rika lake, aliyekua naye. Huyo ni Mokeira, aliyeolewa Kendu Bay. Mama ameniambia nisiguse kalamu.

Jumapili, 16 Juni
Mama ameondoka alfajiri. Itakuwaje Mokeira akikosekana? Au akikataa? Sikuweza kula. Halafu nikakumbuka kwamba safari hii umri ni wa kweli, kwa hiyo si uongo. Barua ya Mokeira nimeiandika mimi, kwa mkono wa kushoto. Ili kamati imwonee huruma, nimemfanya naye mjane. Mzee Zablon ameipokea. Alifuta machozi.

Jioni mchuuzi wa omena ameleta salamu za Mama. Mokeira anakuja Jumanne kutoa ushahidi mwenyewe, pamoja na mumewe, Fanuel.

Sasa nafikiria namna ya kumzuia Fanuel.