Ng'ombe wa Mama Atieno Hana Mabaka

Leo nimejivunjia heshima mbele ya kanisa zima. Nawaandikia ninyi mlio Muhoroni kabla hamjasikia kwa watu watakaotia chumvi.

Alhamisi ng'ombe wa Mama Atieno, jirani yetu hapa Kaloleni, alipotea. Mnajua maziwa yake ndiyo yanayomweka Atieno shuleni. Mama Atieno akaniomba niandike tangazo lisomwe kanisani, kwa kuwa mimi ndiye mwenye kamusi (ya soko la Kibuye, haina jalada, nimeisoma hadi herufi ya M). Akanieleza kwamba ng'ombe ni mweusi, rangi ya aweno. Aweno ni kanga, yule ndege wa vitone vyeupe. Mimi nikaona aibu. Ng'ombe afananishwe na ndege katika tangazo langu? Nikaandika "mweusi, mwenye mabaka meupe". Nikanakili mara tano ili mwandiko unyooke. (Ng'ombe mwenyewe nilikuwa nikimpita kila asubuhi, pua kitabuni.)

Leo tangazo likasomwa. Baada ya ibada, mzee mmoja wa Nyalenda akatufuata mlangoni, mimi na Mama Atieno, akauliza kama kweli huyo ng'ombe ana mabaka. Kabla Mama hajafungua mdomo, nikajibu mimi.

"Ndiyo, Mzee. Baka ni sehemu kubwa ya rangi tofauti. Kama ramani."

"Basi si hiyo. Ile imeingia kwangu iko na vidoti vidogo. Kesho napeleka kwa chifu."

Akageuka aende zake. (Nami nikamshukuru kwa kujisumbua!)

Mama akamshika mkono. "Baba, ni aweno?"

"Aweno kabisa. Sasa mbona hamkusema hivyo?"

Mama akalia, kisha akacheka, kisha akanigeukia. Watu walikuwa wameshatuzunguka.

"Mwalimu," akaniita, nami si mwalimu, "umekunywa maziwa ya hiyo ng'ombe miaka mitatu. Hujawahi kuiangalia?"

Kwaya nzima ilikuwa inasubiri jibu langu.

Nimewaza mchana kutwa. Mabaka ni neno zuri, halina kosa lolote. Nililipenda tu kuliko nilivyomjali ng'ombe.

Jioni, ng'ombe alipokwisha kurudishwa, nimekwenda kumtazama, nikainama kabisa. Ni kanga mtupu, amebakiza kuota mabawa. Mkicheka, chekeni kimyakimya. Mama yangu naye anaimba kwenye ile kwaya.