Louis Mbele ya Mashine

Jumatano, 14 Julai 1999
Kesho ni zamu yangu ya kusukuma baiskeli hadi soko la Kampene. Mafuta ya mawese kwenda, chumvi kurudi. Tangu vita treni hazipiti, na baba, mtu wa reli, anakaa barazani akingoja filimbi isiyolia. Njiani kuna watu wenye bunduki. Mimi siendi! Nimebandika kifuniko cha sufuria, cha moto, kwenye paji la uso, kisha nikamwita mama anipime homa. Ameshtuka kweli. Kaka Louis amesema ataenda yeye, mimi nilale tu. Mpango safi.

Jumatatu, 4 Machi 2024
Nimelikuta daftari hili chini ya sanduku. Tangu siku ile sikuandika tena. Louis hakurudi. Habari ya kifuniko sijamwambia mtu. Matanga hatukufanya, mama alikataa: hakuna kaburi, hakuna matanga. Baba alikufa akingoja. Kitanda cha Louis bado kinatandikwa upya kila Jumamosi.

Basi tuendelee! Nina miaka arobaini na mbili, nafundisha Kifaransa, na shirika moja hapa mtaani kwetu, Kasuku, linatafuta mkalimani. Sharti: mtihani wa Kiingereza wa mtandaoni. Kusoma naweza. Kusema ndiyo kazi. Mashine inakupa picha au swali, unaongea dakika moja na nusu, kamera inakukodolea jicho. Jirani yangu Jeannot alifaulu mwezi jana. Sasa anasalimia mbuzi kwa Kiingereza.

Jumanne, 5 Machi
Mpango! Hotuba moja kwa maswali yote, naikariri kama sala. Inamhusu Louis. Louis ni injinia Lubumbashi, ana mke mzuri na watoto wawili. Picha ya daraja? Louis amelijenga. Picha ya mbwa? Ni wa Louis. Jeannot amesema mashine si mjinga. Wivu huo!

Ila ninapoisema kwa sauti, nakwama nikifika kwenye watoto wawili. Nimempunguzia, abaki na mmoja. Bado nakwama.

Alhamisi, 7 Machi
Balaa. Mama amesikia. Kiingereza hajui, lakini jina la mwanawe analijua. Alisimama mlangoni na sahani ya mchele, akauliza naongea na nani habari za Louis. Ningesema nini? Kwamba namtumia marehemu kutafuta alama? Neno marehemu halitamkwi nyumba hii. Ulimi ukateleza: nikasema ndani ya mashine kuna Wazungu wanaotafuta watu waliopotea vitani. Akaketi chini palepale. Mchele ukamwagika, hakuuokota. Nilijichukia.

Hata hivyo, faida ipo. Tangu saa ile anafukuza kuku uani ili nifanye mazoezi kwa utulivu.

Jumamosi, 9 Machi
Mtihani. Sheria: mlango ufungwe, chumbani uwe peke yako. Nikapewa picha ya soko, nikamwingiza Louis sokoni. Kisha swali la mwisho: elezea mtu unayemheshimu sana. Swali langu lenyewe! Nikaanza. Louis ni injinia...

Mama akaingia. Amevaa kitenge cha Pasaka, picha ya Louis mkononi. Wageni wanaulizia mwanawe, naye akae nje bila kuwasalimu? Akanisogeza kwa bega, akapiga goti mbele ya kamera, akasema: "Bazungu, jambo yenu. Mutoto wangu njo huyu. Iko na kovu hapa, ku kidevu. Mukimuona, mumwambie hatukuhama. Tuko vile vile mu nyumba ya reli." Akawashukuru. Muda ukaisha. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta, nalia kama mtoto, na kamera inaona.

Jumatatu, 11 Machi
Barua pepe imefika. Mtihani umebatilishwa: mtu mwingine alikuwamo chumbani. Naruhusiwa kurudia. Jeannot amenipa pole kwa Kiingereza, pole ndefu yenye furaha.

Nikaamua: leo mama atajua yote. Mashine, hotuba, hata kifuniko cha sufuria. Miaka ishirini na minne inatosha. Nikamkuta anatandika kitanda cha Louis, na leo si Jumamosi. Bila kugeuka akauliza Wazungu wamejibu nini.

Nikafungua kinywa. Nikasema wamejibu, wanataka kujua baiskeli yake ilikuwa ya rangi gani.

Nyekundu, alisema kabla sijamaliza. Nyekundu, na pampu imefungwa kwa kamba. Akanishika mkono, akasema mimi ni mtoto mwema, na kwamba siku ile ya homa Louis hakutaka kabisa niamshwe. Nikaenda uani nikakaa na kuku.

Mpango mpya! Hotuba ya baiskeli nyekundu. Itafaa kwa maswali yote.