Msiba wa Kapteni Dizeli

Kwa Kinyakyusa, Aliko maana yake ni "yupo". Mama yake alimpa jina hilo kwa kumshukuru Mungu. Lakini stendi ya Kyela, kila aliyewahi kuja kumwulizia deni, awe fundi simu au mama wa vitumbua, alijibiwa kwamba hayupo.

Jumamosi hiyo alikuwepo, tena mapema, amekaa juu ya pikipiki yake mbele ya mashine ya kukoboa mpunga, alipoona gari jeupe likitambaa kama kobe. Gari likitambaa Kyela, ama lina pancha ama lina mgeni. Kioo kikashuka, mzee mwenye miwani na kofia ya ukindu iliyokuwa bado na kibandiko cha dukani akauliza mji wa kihistoria uko wapi.

"Umeshaingia, mzee," Aliko akamwambia. "Tairi la mbele limeukanyaga."

Mgeni aliitwa Bwana Sylvester, mstaafu wa Dar es Salaam. Alikuwa amesikia huko kwao kwamba ufukwe wa Ziwa Nyasa ni Zanzibar iliyolala, akataka kiwanja kabla haijaamka. Wala hakutaka kiwanja kitupu. Alitaka chenye historia, maana mchanga, alisema, watalii wanao hata kwao.

Watu wa namna hii tunawajua. Kuna mwaka walikuja na vigingi na kamba, wakatuambia wanapima kwa faida yetu. Walipoondoka, njia ya kwenda kuchota maji ilikuwa ndani ya ukuta wa mtu. Hatujasahau hata rangi ya ile kamba. Ilikuwa ya bluu.

Kwa saa moja Aliko aliupa mji wa Kyela historia ambayo haukuwahi kuiomba. Ghala la kakao likawa kambi ya askari. Mashine ya mpunga ikawa ngome. Choo cha stendi kikawa gereza walimofungwa machifu, na Bwana Sylvester akakipiga picha, akatikisa kichwa kwa uchungu. Kisha Aliko akawasha pikipiki, gari likafuata vumbi lake hadi Matema, likazipita nyumba za wageni, likasimama kwenye kipande cha ufukwe chenye lundo la majivu na vigae, refu kama mtu aliyelala chali.

Hapo ndipo Keziya, mjane wa Kikisi, kabila la wafinyanzi, alipokuwa akichomea vyungu vyake. Mara tatu watu wa makaratasi walikuja kumwambia ahame, kwa kuwa yeye karatasi hana. Alichokuwa nacho ni majivu ya miaka arobaini. Aliko aliyajua hayo yote, kama alivyojua kwamba Jumamosi Keziya yuko gulioni.

Akavua kofia. "Kaburi," akasema.

Mgeni akashusha sauti, akauliza ni la nani. Aliko akatupa macho ufukweni kutafuta jina, yakaangukia pipa la mafuta ya mtumbwi wa mashine, lililoandikwa kwa rangi nyeupe.

"La Kapteni Dizeli. Mjerumani. Babu mzaa babu yangu. Yale mafuta yamepewa jina lake."

Bwana Sylvester akavua kofia naye. Akauliza kama basi ardhi hii ni ya ukoo wao.

"Mzee, huku kwetu kaburi ndiyo hati."

Maneno hayo Keziya aliyasikia akiwa nyuma yao, maana vyungu vya kwanza vilikuwa vimekwisha na alirudi kuchukua vingine. Akawasalimu vizuri, ugonile, ugonile, akauliza nani amelala pale. Aliko, ambaye hakuwa na pa kurudi nyuma, akarudia yote, na safari hii Kapteni akaongezewa ndevu. Keziya akayatazama majivu yake. Kisha akaweka mikono kichwani, akaangua kilio.

Alimlilia Kapteni. Alimlilia ndevu zake. Akaliuliza ziwa imekuwaje mgeni alale peke yake miaka mia bila hata mtu mmoja wa kumwomboleza, na mjukuu yupo Kyela anakula samaki aina ya mbasa. Kilio kikafika gulioni, na wanawake wakaja mbio wakijifunga vitenge viunoni. Huku kwetu mtu hulia kwanza, jina la marehemu huuliza baadaye.

Mwenyekiti wa kijiji, mzee Samsoni, alifika akiwa ameshabeba daftari lake. Akauliza jambo moja tu: marehemu alichinjiwa ng'ombe?

Aliko akakiri kwamba hapana, mambo ya zamani yale. Uso wa mzee Samsoni ukaonyesha kwamba hajapata kusikia aibu ya kiasi hicho. Mwenye msiba, akasema, ni mjukuu, na ng'ombe ni juu yake.

Hapo Aliko angeweza kusema ukweli na kuondoka. Lakini mgeni alikuwa anarekodi kwa simu, machozi yanamlengalenga, ananong'ona kwamba huu ndio utamaduni hai, na kiwanja hiki kingenunua pikipiki kumi. Kwa nini asitoe moja? Bahati nzuri, kaka yake Keziya, Anyisile, alikuwa na fahali nyuma ya nyumba na hamu ya siku nyingi ya kupanda pikipiki. Pikipiki ikaenda, fahali akaja.

Msiba ulikaa siku tatu. Mchele ulitoka kwa Keziya, na ngoma ilitoka kila mahali. Bwana Sylvester alilala garini, alikula nyama, alicheza vibaya sana na akashangiliwa.

Siku ya tatu, kama ilivyo desturi, mwenyekiti akasimama kutangaza kwamba anayemdai marehemu aseme sasa. Kwa kawaida hapo watu hukohoa, kikao kikafungwa.

Bibi Angetile akanyanyuka. Alisema kwamba vita ya Mjerumani ilimchukua babu yake shambani, jembe likiwa bado mkononi, akabebeshwa sanduku la bwana mkubwa hadi akaangukia njiani, na nyumbani haukurudishwa hata mkanda wake. Kama Kapteni ndiye huyu, basi sanduku hilo bado liko kichwani kwa babu yake. Akakaa.

Mwingine akasimama, na mwingine. Kila nyumba ilikuwa na mtu wake aliyebeba, na kila mtu aliyebeba alikuwa na jina. Hakuna aliyecheka. Aliko, aliyemtunga marehemu kutoka kwenye pipa, aliona kwamba wanaomdai hakuwatunga yeye.

Keziya alikuwa wa mwisho.

"Mimi sidai mzigo," akasema. "Kapteni wako amelala kwangu miaka mia bila kupiga hodi. Nataka mjukuu aandike kwamba hapa ni kwangu."

Mzee Samsoni alikuwa ameshaandika. Kutoka jiwe hili hadi mtumbwi ule, ukoo wa Kapteni Dizeli, kwa kinywa cha mrithi wake pekee, unakiri kuwa ni kwa Keziya na hauna dai. Aliko akamgeukia mgeni kwa macho ya mtu anayezama. Mgeni naye alikuwa akimwuliza mwenyekiti, kwa sauti ya chini, kama mnunuzi wa kiwanja anarithi na mambo haya.

"Anayenunua kaburi ananunua na wanaolidai," mzee Samsoni akamjibu. "Na kila mwaka kuna fahali."

Bwana Sylvester akaanza kutafuta funguo za gari. Hata hivyo, kwa kuwa alikuwa msomi na ana kalamu nzuri, wakamwomba awe shahidi. Akasaini. Muhuri ukagongwa. Akaondoka kwa haraka, kalamu akaisahau, na Keziya akamwambia ndaga fijo, asante sana, gari likiwa limeshafika barabarani.

Ikabaki mizigo. Kikao kiliamua kwamba kilichobebwa na babu kwa ajili ya Kapteni kibebwe na mjukuu wa Kapteni, nyumba kwa nyumba, kila siku ya gulio. Aliko akasema hakuna shida, atakuja na usafiri. Kisha akamwona Anyisile akipita na pikipiki, akipiga honi.

Ukienda Matema Jumamosi, utakuta lundo la majivu limezungushiwa mawe meupe, na wageni wanaonunua vyungu huonyeshwa kaburi bure. Wengine huuliza kama kweli Kapteni ana mjukuu aliye hai. Wanawake huelekeza midomo kwenye njia ya mchanga, anakokuja mtu na vyungu vinne kichwani na jasho hadi kisiginoni.

"Aliko," wanasema.

Na kweli, yupo.