Farasi Katika Chumba Changu cha Kushonea

Ndugu Daktari wa Mifugo,

Natumaini u mzima, wewe na hiyo tochi yako ndogo. Mimi ni mke wa mwenye mkokoteni, yule ambaye farasi wake jike, Malkia, alichomwa jicho na kijiti cha nyasi kavu. Ulisema kidonda kiko mbele ya mboni, kwamba atiwe matone mara kwa mara na akae gizani pasipo vumbi, la sivyo jicho litapotea. Ukasema hayo, ukaenda zako. Nyumbani kwetu chumba cha namna hiyo ni kimoja tu, nacho ndicho ninachoshonea. Kwa heshima zote, nalalamika hivi:

1. Mapazia yangu mazito yalikuwa ya kuwasitiri wateja wanaojaribu nguo. Sasa yanamsitiri Malkia. Jana mwalimu mkuu, mama wa watu, aliingia na gauni lake, akapapasa gizani kutafuta kioo, akashika pua. Pua ikapiga chafya. Gauni ameliacha, na kiatu kimoja.

2. Cherehani iko jikoni. Suti ya bwana harusi inanuka vitunguu.

3. Mume wangu amekufa ameoza. Akimtia matone anamshika shavu, anampa pole, anamuuliza kama inauma, anamwita Malkia wangu. Mimi nilipojidunga sindano aliniuliza chakula kiko wapi. Loo! Kumbe sauti ya upole anayo, alikuwa ameiweka akiba.

4. Mama mkwe, ambaye hajawahi kunisifia hata kifungo, aliniagiza nimshonee Malkia kitambaa cha uso cha kuzuia nzi. Nimeshona. Amesema hiyo ndiyo kazi yangu nzuri kuliko zote.

Yamenifika shingoni. Naomba uandike leo hii kwamba Malkia amepona, arudi bandani kwake. Kama taaluma yako inakukataza, basi niandikie mimi ugonjwa wa macho. Natunga uzi kwenye sindano kutwa nzima, siwezi kukosa kaugonjwa. Nitakaa gizani kwa adabu, nitiwe matone, nishikwe shavu. Sitapiga chafya.

Nisalimie mkeo, watoto, na wagonjwa wako wote, wenye pembe na wasio nazo.

Ni mimi mwenye uchungu na chumba,
Fundi wa Nguo

Tanbihi: Nilishafunga bahasha, nimeifungua tena. Mume wangu amekwenda kuchukua nyasi, wakati wa dawa ukafika, nikaingia mimi huku nanung'unika. Malkia akainama mwenyewe, akaniwekea kichwa begani, nikajikuta namshika shavu na kumpa pole. Daktari, ule ukungu uliotanda jichoni mwake tangu achomwe umepungua! Nimepitisha kidole, jicho likakifuata. Nimelia kama mtoto. Kwa hiyo ukija kesho, tafadhali sema bado, hata wiki nzima nyingine. Chupa ya matone nimeificha kwenye kikapu cha vifungo. Mume wangu ana mikono mizito.