Simu Mia Mbili na Kumi na Nne

27 Saun, Jumapili

Mvua. Siku ya tisa mfululizo. Jua hakuna, na sisi tunauza mitambo ya kuchemshia maji kwa jua! Kathmandu nzima inaoga maji baridi, na Kathmandu nzima inatupigia simu kututukana.

Bosi Lochan katuita, mimi na Rojina. Chumba cha simu tuko wawili tu. Kasema kila mteja aliyelalamika apigiwe, apozwe roho. Mwisho wa mwezi, yaani tarehe thelathini na mbili, maana Saun hii kwa kalenda yetu ina siku thelathini na mbili, atahesabu nani kapiga simu nyingi zaidi. Huyo ndiye atakuwa Mkuu wa Simu. Kiti kinachozunguka, meza ya dirishani, na kibao chenye jina lake mlangoni.

Kuna tatizo moja dogo. Nimeshamwambia Mama kwamba cheo hicho nimekipata. Tangu mwezi wa Jeth, miezi miwili nyuma. Naye kawatangazia watu wa kwetu, Sindhuli nzima, hadi mwenye mashine ya kusaga. Kwa hiyo sina budi kukipata kweli. Siwezi kumfanya mama yangu aonekane mwongo.

28 Saun, Jumatatu

Rojina Byanjankar kafunga, kama kila Jumatatu ya Saun. Bangili za kijani za mwezi huu wa ibada karibu zifike kwenye kiwiko. Tumbo tupu, lakini mdomo asali! Kila mteja kwake ni shangazi. Anawauliza habari za magoti, habari za wajukuu, mpaka wanasahau walikuwa wanalalamikia nini. Unafiki mtupu.

Mimi leo nimempigia mzee mmoja wa Kirtipur. Kasema maji yake ni barafu. Nikamweleza kwa heshima zote kwamba sisi tunauza mtambo, jua hatuuzi. Kanipa ujumbe nimfikishie bosi wangu. Siuandiki hapa.

Hesabu ya jioni: Rojina 276, mimi 119. Si mbaya. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

30 Saun, Jumatano

Rojina 301, mimi 128. Simba kazidi upole.

Lakini leo Mungu kanifumbua macho! Simu zetu ni za mtandao, na kila unapopiga, simu inajiandika yenyewe kwenye kompyuta: tarehe, namba, muda, jina la mpigaji. Leo nimeikodolea macho orodha hiyo na nikagundua jambo. Hata simu isiyopokelewa inapata mstari wake. Mstari mzima! Na Bosi kasema atahesabu simu. Hakusema zipokelewe.

Nimpigie nani? Simu yangu mwenyewe ingelia mezani, na Rojina ana masikio ya sungura. Nikafikiri. Nikapata jibu. Mama!

Mama hapokei simu kamwe. Anaamini ukipokea tu, pesa inakatwa. Sisi miaka yote tunabipiana. Ikilia mara moja, nimefika salama. Mara mbili, nipigie. Mara tatu, tuma mchele. Simu yenyewe inakaa kwenye rafu, kando ya miungu. Nitapiga, italia, nitakata. Nani ataumia?

31 Saun, Alhamisi

Simu 97 kwa siku moja! Kidole kimevimba.

Rojina kaniuliza mteja gani huyo hapokei siku nzima. Nikamwambia ni mtawa, yuko katika kimya cha ibada. Kauliza mtawa wa kimya ananunua vipi mtambo. Nikamwambia kila mtu ashughulike na wateja wake.

32 Saun, Ijumaa

Nyingine 117. Jumla ya simu kwa Mama ni mia mbili na kumi na nne. Nimepiga hesabu kwa mkono: mimi 342, Rojina 339. Nimempita kwa tatu!

Bosi kasema anataka simu zote za mwezi zitolewe huko mtandaoni zipangwe kwenye jedwali, asije akaambiwa anapendelea. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza kusema. Sijawahi kutengeneza jedwali maishani mwangu, lakini kazi hii siwezi kumwachia adui. Ilibidi adui anionyeshe kitufe cha kupakulia. Kanionyesha bila hata kunicheka. Huyu dada ana hila.

Kumbe orodha inatoka na tarehe za kizungu. Bosi hataki hata kuzisikia. Kasema baba yake aliishi kwa kalenda yetu, na ofisi yake itaishi kwa kalenda yetu. Basi nikafuta safu nzima ya tarehe nikaanza kuandika upya, siku moja moja, na Saun kwetu ni mwezi wa nne: mwezi wa nne, siku ya kwanza, mwezi wa nne, siku ya pili. Hadi thelathini zilikaa vizuri, zimejipanga kulia kama askari. Za thelathini na moja na thelathini na mbili zikaganda kushoto, hazisogei. Nikadhani jedwali limechoka. Mimi pia nilikuwa nimechoka. Nikaliacha hivyo hivyo.

1 Bhadau, Jumamosi

Mwezi mpya, siku ya mapumziko. Nimenyoa. Nimenunua momo, sambusa za mvuke, sahani mbili, nikala mwenyewe, nikijipongeza.

Nimembipu Mama mara mbili ili anipigie nimpe habari njema. Simu yake haipatikani. Labda umeme umekatika kijijini. Msimu huu wa mvua kila kitu kinakatika.

2 Bhadau, Jumapili

Nianzie wapi?

Asubuhi Bosi kaliagiza jedwali lihesabu simu za mwezi wa nne. Rojina 301, mimi 128. Nikasimama. Nikasema jedwali limerogwa. Rojina kaangalia kidogo, kaeleza kwa upole kwamba kompyuta inajua kalenda ya kizungu tu. Kwake mwezi wa nne una siku thelathini, basi. Ukiiandikia thelathini na moja au thelathini na mbili, inaona ni maneno ya kawaida. Haihesabu.

Siku zangu mbili! Jasho langu lote!

Bosi akampa Rojina mkono. Nikapiga meza nikadai siku zile zirudishwe. Rojina akaninong'oneza, “Kaka Tika, nakuomba, ziache zilipo. Hata zangu thelathini na nane zimepotea na wala sisemi kitu.” Aha! Nikajua ananiogopa. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba haki haipotei. Rojina akashusha pumzi, akazirudisha.

Bosi akasoma ukurasa wa mwisho. Akaendelea kusoma. Kauliza mteja huyu aliyepigiwa mara mia mbili na kumi na nne ni nani, na mtambo wake umeua watu wangapi. Nikasema ni mtawa. Bosi akaipiga ile namba mwenyewe, kwa kipaza sauti.

Simu ikalia kwenye ngazi za ofisi yetu.

Mama! Tope hadi magotini, debe la samli kichwani, simu mkononi inalia naye haipokei. Kasafiri siku mbili. Barabara ilikatwa na maporomoko, akavuka kwa miguu. Kasema simu ilipolia mara nne alishangaa. Ilipofika kumi akamwita jirani. Ilipofika arobaini akamwita kuhani wa kijiji, naye akahesabu hadi themanini, akasema ishara hiyo haimo katika kitabu chochote. Ama ni harusi ama ni msiba. Kisha betri ikaisha, simu ikanyamaza. Mama akajua aliyenyamaza ni mimi. Kalia njia nzima. Kaja kuichaji kwenye kibanda cha chai, asubuhi hii, mjini.

Akanishika mashavu, akanitazama macho, akanitazama ulimi. Niliona aibu. Naandika wazi, kwa kuwa hapa hasomi mtu.

Alipohakikisha mimi mzima, akamgeukia Bosi Lochan, akamwambia, “Wewe kijana, hebu mwachie Mkuu apumzike kidogo, si unaona kakonda?”

 Rojina, Mkuu wa Simu wa dakika kumi, kainuka kutoka kwenye kiti kinachozunguka, kamketisha Mama. Kamwambia chumba hiki bila Kaka Tika kingekuwa kimya sana. Bosi kalitazama jedwali, kaitazama miguu ya Mama. Nikaanza kukusanya kalamu zangu.

Lakini hakunifukuza! Kasema hawezi kumfukuza mtu aliyempigia mama yake mara mia mbili kwa siku mbili. Yeye wake hajampigia tangu sikukuu ya Dasain mwaka jana. Kapokea samli. Kisha kasema kuna nafasi ya Naibu Mkuu wa Simu, itajazwa kabla ya Dasain ijayo. Ila mwezi huu hahesabu tena simu. Anahesabu dakika za mazungumzo.

3 Bhadau, Jumatatu

Sikukuu ya kubadili uzi mtakatifu. Nimeoga maji baridi, kuhani kanivalisha uzi mpya mtakatifu. Uzi mpya, mtu mpya. Nimeapa kuachana na ujanja.

Mama kapika kwati, maharage ya aina tisa. Tulipokuwa tunakula nikamwambia ukweli wote wa kile cheo. Kasema alijua tangu Jeth. “Mkuu wa Simu hambipu mama yake, mwanangu. Anampigia.” Nikamuuliza kwa nini basi kawatangazia Sindhuli nzima. Kasema kuna siku itakuwa kweli, na yeye hapendi kufanya mambo kwa kuchelewa. Nikamwongezea kwati.

Mchana Rojina kaja na peremende, kukaa na Mama. Huyu dada, nasema tena, ana hila. Lakini kafanya jambo moja jema: kamfundisha Mama kwamba kupokea simu ni bure. Mama kakataa kuamini. Rojina akatoka nje kwenye veranda akampigia, wakajaribu. Mama kapokea! Kauliza kama kweli haikati hata senti. Haikati. Hata akiongea sana? Hata akiongea sana.

Akaanza kumsimulia Rojina habari ya nyati wa jirani aliyezaa msimu wa mvua. Mimi nikatazama saa kwa sababu sina kazi nyingine. Dakika kumi. Dakika thelathini. Rojina anaitikia tu, “Ehee, Mama.” Dakika hamsini na mbili!

Kesho kutwa Mama anarudi Sindhuli. Siku za kazi zimebaki nyingi hadi Dasain. Nimechukua karatasi nikapiga hesabu: saa nne kwa siku, mteja mmoja tu, na kila simu imepokelewa kihalali kabisa. Kiti cha Naibu nacho kinazunguka, nimekiona stoo.

Na kwenye hadithi ya Mama, nyati mwenyewe bado hajazaa.